Nyaya, Nyundo na Mtaimbo: Safari ya Kupima Mwamba Ukerewe

Naandika haya nikiwa nimesharudi Mwanza. Kaunta buku imekauka, ingawa kurasa za katikati zimegandana kwa maji ya ziwa, na pale mwandiko wangu uliposhindwa kusomeka picha za simu zimeniokoa. Kazi iliyotupeleka ni hii: kijiji kimoja cha Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, si mbali na mji wa Nansio kwa bodaboda, kilichangishana fedha za kisima kirefu. Wachimbaji wa kwanza walikuja bila kupima chochote, wakagonga mwamba mapema, wakaendelea kuuponda ukiwa mkavu huku mita zikihesabiwa, maana malipo yalikuwa kwa mita. Maji hayakutoka. Safari hii kamati ya maji ikagoma: hakuna kuchimba mpaka mtu apime.

Mpimaji ni rafiki yangu wa siku nyingi, nitamwita Injinia kama wote wanavyomwita. Alisomea jiofizikia Yakutsk, huko Siberia, mji uliojengwa juu ya ardhi iliyoganda, na kule kazi yake ilikuwa kupima barafu ya chini ya udongo imeshuka kiasi gani. Mashine ile ile ndiyo anayotembea nayo hapa kutafuta maji. Mimi nafundisha fizikia sekondari, shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda kama mtu wa kuvuta waya.

JUMAPILI, MWANZA

Siku ya manunuzi. Nyundo kubwa haikutusumbua, mji huu nusu yake ni mawe na kila kilima kina watu wanaoponda kokoto. Betri ya gari tulikodi kwa fundi wa Mabatini kwa elfu kumi na tano na kuacha kitambulisho. Kisha Injinia akataka chumvi kilo tano. Mwenye duka akauliza kama tunakwenda kukausha samaki.

Chumvi ni ya ardhi. Unachomeka vyuma, unapitisha umeme, lakini udongo mkavu wa juu unaukataa, basi unamwagia maji ya chumvi pale chuma kilipoingia na umeme unapita. Nikamuuliza Yakutsk wanafanyaje, pale udongo unapokuwa mgumu kuliko zege na baridi ya Januari inafika nyuzi 40 chini ya sifuri. Akasema kiangazi wanachomeka kama sisi. Wakati wa theluji wana nyaya maalumu za kukokota juu ya theluji yenyewe, zinazosukuma mkondo wa kubadilikabadilika ardhini bila chuma chochote kugusa udongo.

Kwa atakayesafiri na vifaa kama hivi: pata barua ya serikali ya kijiji unakokwenda, yenye mhuri, kabla hujatoka nyumbani. Sababu inakuja.

JUMATATU, BUZURUGA HADI NANSIO

Tulipita njia ya nchi kavu, Magu, Lamadi, Bunda, halafu kushoto hadi Kisorya, kwa sababu Injinia hakutaka mashine ipakiwe na kushushwa melini na watu wasioijua. Hiace kutoka Buzuruga, elfu kumi kila mtu na elfu tano za mzigo baada ya kubishana. Konda aliiona nyundo akaomba tusiwe majambazi.

Katika kizuizi kimoja cha barabarani askari alifungua buti na macho yake yakatua kwenye roli za waya. Shaba, mita mia nne na zaidi, imeviringishwa vizuri. Mtu yeyote mwenye akili angefikiri alichofikiri yeye. Tukashushwa. Abiria wakaanza kunung'unika, mama mmoja akasema wazi kwamba sura zetu alizitilia shaka tangu Buzuruga. Barua ya kijiji ikatolewa, ikasomwa mara mbili, na bado askari akataka kuonyeshwa. Injinia akachomeka vyuma vinne pembeni mwa barabara, kwa mstari, akaunganisha betri, akampa askari mwenyewe abonyeze. Namba ikatokea kwenye kioo. "Inamaanisha nini?" Injinia akamwambia kwamba udongo wa pale ni mfinyanzi wenye unyevu. Askari akacheka, akasema ndiyo maana magari yanakwama hapo kila masika, akatuachia. Yule mama alitununulia karanga.

Baada ya Lamadi, barabara ikikaribia Serengeti, nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakiangalia magari. Bunda tulibadilisha gari. Kuanzia hapo hadi Kisorya sikuandika kitu, nililala.

Kisorya tulikwama. Lori la saruji lilizimika kwenye mlango wa kivuko, nusu juu ya chuma nusu nchi kavu, na mvua ikaanza. Mama lishe wa kibanda cha kwanza, bila kuombwa, akahamisha benchi na masufuria yake ili mashine na betri vipate pa kukaa pasipovuja. Tulikula kwake sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, elfu nne sahani. Alipojua tunakwenda kutafuta maji ya kisima alishangaa: ziwa lote hili? Lakini yeye mwenyewe huchemsha ya kunywa, na vijiji vilivyo juu, mbali na ufuo, kina mama hushuka na ndoo kila siku kwenye maji yenye kichocho. Lori likawaka jioni. Kuvuka hadi Rugezi ni mia chache kwa mtembea kwa miguu na hakuchukui muda. Nansio tulifika usiku, chumba elfu ishirini, maji ya kuoga ya ndoo.

JUMANNE, KIJIJINI

Shikamoo zilichukua nusu saa, kisha kazi. Nitaieleza kwa sababu wanafunzi wangu wataisoma hii.

Vyuma vinne kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje vinapitisha umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima volti. Gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa namba inayotegemea umbali wa vyuma, unapata ukinzani wa ardhi, yaani inavyoukataa umeme, kwa omu-mita. Ukisogeza vya nje mbali zaidi, umeme unazama zaidi, na namba inaanza kusema habari za chini. Conrad Schlumberger, Mfaransa, alianza kujaribu mambo haya mwaka 1912, na mpangilio tuliotumia bado unaitwa kwa jina lake. Sisi tulivuta mpaka mita mia moja kila upande. Mita mia kwenye shamba la mihogo si mchezo. Kijana wa upande wa magharibi alilazimika kupita katikati ya kaya mbili na zizi moja, na kila mahali alisimama kusalimia.

Injinia huchora kwa penseli papo hapo ingawa ana kompyuta. Mchanga mkavu wa juu ulitoa omu-mita mia tatu na kitu. Tulipotanua, namba ikashuka mpaka sitini hivi: huo ni mwamba uliooza, itale (granaiti) iliyolainika kwa maelfu na maelfu ya miaka ya maji na joto, na maji hukaa humo na kwenye nyufa za chini yake. Kisha ikaanza kupanda bila kurudi, mia, mia mbili, mia tano. Huko chini ni itale nzima, ile ile inayosimama juu ya vilima vya Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na umeme hauna pa kupita.

Injinia akaugeuza mchoro, akauangalia kwa muda. Akaniambia ameuchora mara nyingi sana Yakutsk. Udongo wa juu ulioyeyuka wakati wa kiangazi una maji, ukinzani wake mdogo. Chini yake udongo umeganda, na maji yakishakuwa barafu hayapitishi umeme tena, hivyo namba inaruka hadi maelfu, wakati mwingine makumi ya maelfu. "Nikipewa karatasi mbili, ya hapa na ya kule, bila kuandikwa zimetoka wapi, nitabahatisha tu." Mashine haioni barafu, wala haioni mwamba. Inaona kwamba kuna kitu kinachokataa umeme. Kitu hicho ni nini, lazima ujue kwa njia nyingine.

Jioni tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa makamo ya babu yangu, chakula kikiwa dagaa wabichi na ndizi. Injinia akawasimulia habari za Shergin. Huyu alikuwa mtumishi wa kampuni ya biashara pale Yakutsk, na mwaka 1828 akaanza kuchimba kisima uani kwa sababu mji ulihitaji maji. Akakuta udongo umeganda. Akaendelea. Mpaka mwaka 1837 alikuwa amefika mita 116 na bado ni barafu tupu, akaacha. Shimo lipo hadi leo. Miaka ya 1840 mtafiti Alexander von Middendorff aliingia na vipimajoto, akavipachika kwenye kuta kwa kina tofauti, akaona kadiri unavyoshuka baridi inapungua pole pole, na kwa hesabu hiyo akakadiria mwisho wa barafu uko chini zaidi ya pale alipoishia Shergin. Siku hizi inajulikana kwamba kaskazini zaidi ya hapo kuna mahali Siberia ambako ardhi imeganda hadi karibu mita 1,500.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Kisha: "Kwa mkono?"

"Kwa mkono, mzee."

"Na malipo kwa mita?"

Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

JUMATANO

Mvua kutwa. Tulicheza bao, nikashindwa na watoto.

ALHAMISI, NYUNDO

Siku niliyoipenda kuliko zote. Umeme ukishasema neno lake, unaita shahidi wa pili, na shahidi huyu ni sauti. Unapanga jiofoni, vijidude vyenye mwiba vinavyosikia mtikisiko, kwenye mstari. Unaweka bamba la chuma chini, unalipiga kwa nyundo, na mashine inarekodi mtetemo umefika kila jiofoni baada ya milisekunde ngapi. Udongo mkavu unasafirisha sauti mita mia tatu hadi mia sita kwa sekunde. Ulioshiba maji, kama 1,500. Itale nzima, 5,000 na zaidi. Hapo mwamba na barafu wanaachana, kwa kuwa barafu ni kama mita 3,500 tu.

Tatizo ni kwamba jiofoni husikia kila kitu. Kijiji kizima kilikuja, na watoto wakikimbia mstari wote unachafuka. Injinia aliomba, mwenyekiti akafoka, haikusaidia. Nikakumbuka kazi yangu. Nikawapanga mistari kwa madarasa, nikawaambia atakayesimama bila kutikisika mpaka nyundo ipige atakuwa wa kupiga inayofuata. Sijawahi kuona ukimya wa namna ile hata kwenye chumba cha mtihani. Ng'ombe peke yao ndio hawakutii. Tulipiga na kurudia kila sehemu mara kadhaa ili mashine ijumlishe mapigo na kelele za upepo zifutike, hivyo zamu zilitosha kwa wengi.

Injinia alisema kule kwenye barafu nyundo ina ugonjwa wake. Njia hii inategemea kila tabaka la chini liwe na kasi kuliko la juu. Udongo ulioyeyuka juu ya ulioganda, sawa, unapata mahali barafu inapoanzia. Lakini barafu inapoishia, udongo wa chini yake ni wa polepole, sauti haikunji kurudi juu, na mwisho wa barafu hauuoni kamwe kwa nyundo. Ndipo unarudi kwenye umeme wa nyaya ndefu sana, au mitambo ya sumaku-umeme inayoning'inizwa chini ya helikopta, au unatoboa shimo na kushusha vipimajoto kama Middendorff. Kuna na rada pia, wanaipenda kwa tabaka la juu kwa sababu maji na barafu vinatofautiana sana kwa mawimbi yake. Hatukuibeba. Mfinyanzi wenye maji unaimeza rada kabla haijafika popote.

Mchana kukawa na utata. Kwenye mstari wa pili nyundo ilionyesha mwamba mita tano tu chini, mahali ambapo umeme ulisema zaidi ya ishirini. Injinia akaanza kuongea peke yake. Mzee mwenyekiti akaenda nyumbani, akarudi na mtaimbo mrefu uliochakaa, akauliza ni wapi hasa. Akaudidimiza, akautoa, akasogea hatua mbili, akaudidimiza tena, huku ameinamisha sikio. Udongo ulikuwa umelowa mvua ya jana, chuma kilizama. Mara ya nne kikagota juu juu. Akasogea tena hatua tatu, hakikugota. "Hili ni jiwe limezikwa," akasema, "na kichwa chake kiko hapa. Si mwamba." Wazee wa hapa hupima hivyo kabla ya kuchimba kaburi au choo, maana itale huoza ikiacha mabonge mazima katikati ya udongo, makubwa kama nyumba mengine. Tulihamisha mstari, nyundo na umeme vikapatana.

Niliona Injinia anacheka kimya kimya nikataka kujua. Kumbe ndivyo wanavyofanya kule pia. Pamoja na mashine zote, kila mwisho wa kiangazi watafiti wa ardhi iliyoganda hutembea na fimbo ya chuma, wanaididimiza mpaka igote kwenye barafu, wanaandika sentimita, wanasogea, wanaididimiza tena. Tangu mwaka 1991 kuna mtandao wa kimataifa unaopima tabaka hilo la juu mwaka hadi mwaka, na fimbo ni mojawapo ya vifaa vyake vikuu. Nyumba za Yakutsk zimesimama juu ya nguzo ili joto la ndani lisiyeyushe ardhi, na tabaka la juu likizidi kuyeyuka, kuta zinapasuka na barabara zinabonyea. Mtu hataki kukosea kwa sentimita.

Kilichomaliza ubishi wetu kilikuwa kisima cha kale cha ukoo wa mzee, cha kuchimbwa kwa mkono, nyuma ya miembe. Alituruhusu kushusha kamba yenye mafundo. Maji mita saba, sakafu ya jiwe laini mita kumi na moja. Tulipima umeme pembeni yake kabisa, tukajua sasa omu-mita sitini za kijiji hiki ni kitu gani. Ukinialika kwenye kazi ya kupima na kijiji hakina hata shimo moja la zamani la kulinganishia, mimi nitakuja na mashaka mengi kuliko nyaya.

IJUMAA, UKARA

Vipimo vimeisha, tukaomba siku moja. Kutoka Bugolora unavuka hadi Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi na mashamba yanayolimwa kila inchi, mbolea ya zizi ikibebwa kwa kichwa. Tulipita kwenye makaburi ya waliofariki MV Nyerere ilipozama karibu kabisa na gati, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220. Kwenye chombo cha kurudi hakuna aliyelazimishwa kuvaa jaketi la kuokoa maisha, wote tulivaa.

Jiwe linalocheza usilikose. Mlipe kiingilio mlinzi wa pale na usipande bila kuambiwa.

JUMAMOSI, MELI

Tulirudi kwa meli kutoka Nansio, mashine ikiwa mapajani mwa Injinia muda wote. Safari ilichukua saa tatu na ushee, machungwa ya Ukerewe kila kona ya sitaha. Chukua daraja la chini kama unapenda mazungumzo, la juu kama unataka kulala. Daraja la chini jamaa mmoja mvuvi aliuliza barafu hiyo ya Siberia iliingiaje ardhini. Injinia akamjibu kwamba sehemu kubwa ni masalia ya zama za barafu, na wakati kule kumeganda namna hiyo huku kwetu kulikuwa kukavu: mnamo miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Watafiti walitoboa matope ya chini wakakuta tabaka la udongo wa nchi kavu. Mvuvi hakukubali. Kama lilikauka, samaki hawa furu wametoka wapi, wa aina zote hizi? Swali hilo hilo limewagombanisha wanabaiolojia kwa miaka, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu mpaka tukaona jiwe la Bismarck, la pale Mwanza.

Gharama zangu, bila betri na chumvi: usafiri wote haukufika elfu hamsini na tano, kulala elfu ishirini kwa usiku Nansio, kijijini bure kwa mwenyekiti, ambaye alikataa hata sukari tuliyonunua mpaka mkewe alipoipokea. Nenda Juni hadi Agosti kama unataka barabara kavu, ila hapo ongeza chumvi.

Ripoti ya Injinia ilitaja sehemu moja kati ya tatu zilizopendekezwa na kamati: mwamba laini hadi mita 24, kisha itale yenye nyufa, chimba hadi 45 usizidi. Rigi, mtambo wa kutoboa kisima, imeshakwenda. Mwenyekiti alinipigia: mwamba mgumu umegotwa mita 26, maji yameonekana mara ya kwanza 19 na mengi zaidi kwenye ufa wa mita 38, wakasimamisha hapo. Bado kupima pampu na kupeleka sampuli maabara, hasa floraidi, na fedha ya pampu wanaendelea kuchanga.